Kisu cha Kijapani kwa jiko la nyumbani: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, walisema wazee, ila hawakusema kama ni nyama ya mfupa au steki. Tofauti hiyo niliijua siku mama mdogo alipokuja kutusalimia hapa Ipagala, Dodoma, akitokea Mpwapwa na majogoo wawili kwenye tenga. Nilitoka kufuata mkaa. Narudi, nakuta jogoo mmoja keshanyonyolewa na anatenganishwa mapaja kwa kisu changu kipya, kile nilichokisubiri miezi miwili.

"Mwanangu, kisu chako kizuri, lakini kimefika hapa kwenye goti kimegoma."

Nikakichukua, nikawasha tochi ya simu. Karibu na mpini, kwenye makali, palikuwa na pengo dogo la duara, ungedhani punje ya mchele imeng'olewa pale.

"Hakuna neno, mama," nikasema. Neno lilikuwepo.

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua kisu kwa kuangalia picha, sikujiuliza jikoni kwangu kinakatwa nini, kinakatiwa wapi na nani. Mwongozo huu unaanzia kwenye maswali hayo, halafu ndipo tufike dukani.

Elewa kwanza unanunua kitu gani

Kisu cha Kijapani cha jikoni ni chembamba, na chuma chake ni kigumu. Mengine yote, mazuri na mabaya, yanatoka hapo. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Rockwell. Visu vingi vya Kijerumani viko kati ya 54 na 58, vya Kijapani viko kati ya 58 na 63 hivi. Chuma laini kikigonga kitu kigumu hujipinda, nawe unakinyoosha. Chuma kigumu hakijipindi, humeguka. Faida yake ni kwamba kinakubali kunolewa kwa pembe nyembamba, nyuzi 12 hadi 15 kila upande, wakati kisu cha Kijerumani huwa karibu nyuzi 18 au 20, na makali yake yanadumu muda mrefu.

Kwa lugha ya jikoni: kitunguu kinakatika bila kusukumwa na nyanya haipondeki. Boga gumu la kienyeji, mfupa, muhogo uliokomaa, nyama iliyotoka kwenye friza ikiwa jiwe, na nazi, hivyo vyote haviko katika mkataba wake. Kwa hiyo panga dogo au kile kisu kinene cha buchani ulichonacho usikitupe. Kisu cha Kijapani kinakuja kuishi pembeni yake.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kujichunguza

Chukua karatasi, andika kwa siku saba kila unachokata. Mimi nilipata vitunguu, nyanya, karoti, hoho, mchicha, matembele, kabichi ya kachumbari, nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa mara mbili, perege wa Mtera mara moja, tikiti, papai. Kuku mzima mara moja. Yaani sehemu kubwa ni mboga, na kazi ya mfupa ni kidogo na tayari ina mtu wake.

Halafu, na hili ndilo ambalo miongozo ya wenzetu haitaji kwa sababu wao hawaishi hivi, andika *unakatia wapi*. Wengi wetu tunakatia mkononi. Kitunguu kinashikwa kiganjani, kinachanjwa msalaba, kinakatwa vipande vinavyodondokea moja kwa moja kwenye sufuria. Matembele yanakunjwa fungu, yanakatwa kuelekea kidole gumba. Kisu butu cha elfu mbili kinavumilia mtindo huo kwa sababu kidole gumba kinakiweza. Kisu cha Kijapani kitakuonyesha damu siku ya kwanza. Na asiyekatia mkononi mara nyingi anakatia kwenye sinia au sahani, yaani chuma kwa chuma au chuma kwa udongo uliochomwa. Makali ya nyuzi 15 yakisugua sinia la aluminiamu mara tano tu utaona yameanza kuteleza kwenye ganda la nyanya.

Kama huna nia ya kuhamia kwenye kibao cha kukatia, acha hapa, tunza hela yako. Sikutanii.

Hatua ya pili: umbo

Majina ni mengi lakini ya nyumbani ni manne.

*Gyuto* ndicho kisu cha mpishi. Jina lenyewe maana yake ni upanga wa ng'ombe, kwani kilizaliwa enzi za Meiji, Wajapani walipoanza kula nyama ya ng'ombe kwa wingi na kuiga visu vya Ulaya. Kina ncha kali na tumbo lililopinda kidogo, kinaweza kuviringishwa juu ya kibao. Kinafaa nyama, kinafaa kabichi kubwa, kinafaa karibu kila kitu.

*Santoku* maana yake ni fadhila tatu, na kwa kawaida zinatajwa nyama, samaki na mboga. Ni kifupi, kipana, na ncha yake imeinama. Makali yake yamenyooka zaidi, kwa hiyo hukati kwa kuviringisha, unakishusha na kukisukuma mbele.

*Nakiri* ni cha mboga peke yake, umbo la mstatili kama kishoka kidogo, ila usidanganyike na umbo: ni chembamba sana na mfupa utakimaliza. Kwa anayekata mchicha na kabichi kila siku ni raha tupu, na ule upana wake unachotea mboga kutoka kwenye kibao hadi sufuriani.

*Peti* ni kidogo, sentimita 12 hadi 15, cha kumenya na kukata vitu vidogo. Asiyeweza kabisa kuacha kukatia mkononi akitafute hiki, na hata hivyo aende polepole.

Utakutana pia na *deba* cha samaki na *yanagiba* cha kuchana samaki mbichi. Vina makali upande mmoja tu, vinahitaji ufundi wa kuvinoa, na kwa desturi vimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Hivi viache.

Ukiniuliza mimi: mtu mwenye kibao kikubwa na nafasi ya kusimama achukue gyuto ya milimita 210. Mwenye jiko dogo, au anayepika ameketi kwenye kigoda huku kibao kiko juu ya stuli, achukue santoku ya milimita 165 au 180. Urefu una maana kuliko watu wanavyodhani. Nilijaribu kutumia gyuto ya 240 ya jamaa yangu nikiwa nimekaa chini, mpini ukawa unagonga goti langu kila ninapovuta. Kisu kizuri, mahali pabaya.

Hatua ya tatu: chuma

Hapa ndipo wauzaji wanapopatia pa kukuchanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna makundi mawili. La kwanza ni chuma cha kaboni, kisicho na kinga ya kutu. Viwili maarufu ni *shirogami* na *aogami*, maana yake karatasi nyeupe na karatasi ya bluu. Chuma chenyewe hakina rangi hizo. Majina yametokana na rangi ya karatasi ambazo kiwanda cha Yasugi kilizitumia kutofautisha vyuma vyake. Vinanoleka kirahisi na vinashika makali ya ajabu. Lakini ukikata ndimu au embe bichi ukakiacha kisu mezani uende kupokea simu, ukirudi kina madoa. Kitunguu nacho siku za mwanzo kinaweza kuingia weusi. Baada ya muda kisu kinavaa rangi ya kijivu na bluu ambayo inakikinga kiasi. Rangi hiyo si uchafu, usiisugue kwa stili waya.

Kundi la pili ni chuma cha pua, chenye kromi ya kutosha kuzuia kutu. Utakachokiona sana ni VG-10, kinachotengenezwa na kampuni ya Takefu katika mkoa wa Fukui, chenye karibu asilimia 15 ya kromi na kaboni karibu asilimia 1. Kuna pia AUS-8 na AUS-10 vya kampuni ya Aichi, na juu yao kuna SG2, kigumu zaidi na ghali zaidi.

Hewa yetu ya Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na mtu anaweza kusema basi kaboni itapona huku kuliko Dar au Tanga. Ni kweli kwa kiasi. Lakini maji ya visima vingi huku yana chumvi, nayo haina huruma na chuma cha kaboni. Tone moja lililokauka juu ya makali linaacha doa. Kwa kisu cha kwanza, na hasa kwenye nyumba yenye watoto, dada wa kazi na wageni, chukua chuma cha pua. VG-10 au AUS-10 inatosha kabisa. Cha kaboni kinunue siku ukiwa na uhakika kwamba kila anayekishika atakifuta.

Neno kuhusu yale mawimbi mazuri ubavuni mwa kisu, yanayoitwa damaski. Kwenye kisu cha kweli mawimbi hayo ni tabaka za chuma laini zilizofunika kiini kigumu, na kinachokata ni kiini. Kisu kisicho na mawimbi chenye kiini kilekile kinakata sawasawa na kinapungua bei. Na vipo vingi vinavyouzwa mitandaoni ambavyo mawimbi yamechorwa juu kwa leza. Mchoro unaojirudia kwa usawa kama kitenge, au unaokatika ghafla kabla ya kufika mgongoni mwa kisu, ni wa kuchorwa.

Hatua ya nne: mpini

Kuna mpini wa Kijapani, mwepesi, wa mbao, wa duara au wenye pembe nane, ambamo chuma kimechomekwa katikati. Na kuna mpini wa Kizungu wenye ribiti tatu. Wa kwanza unapeleka uzito mbele kwenye chuma, wa pili unaurudisha mkononi. Gyuto nyepesi ya 210 huwa na gramu 150 hadi 200 hivi, na ukizoea kisu kizito utadhani umeshika kitu cha kuchezea.

Kwa ukame wa huku, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, mbao isiyotiwa mafuta inaweza kupasuka au kulegea inaposhika chuma. Paka kidogo parafini nyeupe ya maji inayouzwa duka la dawa (si mafuta ya taa, jamani). Mafuta ya alizeti tunayo tele kutoka Singida na hapahapa kwetu, lakini kwenye mpini yananata na kuchacha.

Hatua ya tano: kikague mkononi

Ukipata bahati ya kukishika kabla ya kulipa, usianze kukata karatasi kama wale wa kwenye video. Karibu kisu chochote kipya kinakata karatasi.

Kiinue usawa wa jicho, mpini ukiwa upande wako, uangalie mstari wa makali mpaka ncha. Kikiwa kimepinda utaona. Kisha kiweke juu ya meza tambarare na makali yakiwa chini: yagusane na meza bila kuacha uwazi katikati. Shika mpini kana kwamba unakata, uone kama vifundo vya vidole vinagonga meza. Kwenye kisu chembamba kisicho na upana wa kutosha vitagonga, na hilo halirekebishiki.

Pitisha kidole juu ya mgongo wa kisu. Kisu kilichotengenezwa kwa uangalifu mgongo wake umelainishwa kingo. Kilichofanywa haraka kinakwaruza, na utakapokata kilo mbili za vitunguu vya sherehe kidole cha shahada kitapata malengelenge. Angalia pia mpini unapokutana na chuma. Uwazi wowote hapo ni mlango wa maji.

Mwisho kigeuze ukitazame kutoka upande wa kisigino, yaani pale makali yanapoishia karibu na mpini, uone jinsi chuma kinavyokonda kuelekea chini. Mgongo unaweza kuwa na milimita 2, hilo ni sawa, ila juu kidogo ya makali kinatakiwa kiwe chembamba sana. Kikiwa kinene hapo, karoti haitakatika. Itapasuka kwa kelele, kuni ndogo.

Ukinunua kwa mtandao, dai picha za mambo hayohayo. Dai jina la chuma, jina la mtengenezaji na mji. Visu vya Japani vinatoka sehemu zinazojulikana: Sakai karibu na Osaka, Seki mkoani Gifu, Tsubame na Sanjo mkoani Niigata, Echizen mkoani Fukui. Mafundi wa baadhi ya miji hiyo walikuwa na asili ya kufua panga za samurai, na serikali ilipopiga marufuku kubeba panga mwaka 1876, wengi wao waliishi kwa visu na zana. Muuzaji akikwambia "chuma cha Kijapani" bila jina la chuma wala mji, huku ubavuni kuna joka limechorwa, muage kwa heshima.

Hatua ya sita: bei

Santoku au gyuto nzuri ya kuanzia, ya watengenezaji kama Tojiro wa Tsubame, inacheza kwenye dola 70 hadi 120, yaani takribani laki mbili hadi laki tatu. Hapo bado hujalipa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Njia ambayo wengi wanaitumia ni kumwagiza ndugu anayetoka nje. Mkumbushe akiweke kwenye begi la mizigo linalopita kaunta. Kwenye begi la mkononi kitaishia uwanja wa ndege.

Juu ya laki tano unalipia uzuri, ugumu zaidi wa chuma na jina la fundi. Chakula hakitaijua tofauti. Na katika hesabu yako ya mwanzo tenga fungu la jiwe la kunolea na kibao. Ukiwa na laki tatu jumla, kisu cha laki mbili na jiwe zuri ni bora kuliko kisu cha laki tatu kikavu.

Hatua ya saba: jiwe, na kwa nini usimpe fundi wa baiskeli

Mafundi wanaopita mitaani na gurudumu la kunolea nawaheshimu, visu vyangu vya kawaida nawapa. Lakini gurudumu kavu linalorusha cheche linapasha ukingo moto, na chuma kigumu kikipata joto la namna hiyo kinapoteza ugumu kilichouzwa nao. Ukiona rangi ya bluu au kahawia kwenye makali baada ya kunolewa, umeshachelewa.

Tafuta jiwe la maji la namba 1000 (namba ikipanda, punje za jiwe ni laini zaidi). Moja linatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. La 3000 au 6000 ni la kung'arisha, na la 400 ni la kuondoa mapengo.

Lizamishe jiwe kwenye maji mpaka mapovu yakome, kama dakika kumi (yapo yasiyohitaji kuloweka, yanataka kunyunyiziwa tu). Liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kama unene wa kidole chako cha mwisho. Kwa kisu chenye upana wa sentimita nne na nusu hapo unakaribia nyuzi 15. Sukuma na vuta bila papara, vidole viwili vikibonyeza karibu na makali, ukihama kidogo kidogo kutoka kisigino hadi ncha. Tope la kijivu litatokea. Usilioshe, ndilo linalonoa.

Endelea mpaka, kwenye upande wa pili wa makali, usikie, kwa kidole kinachotoka ndani kwenda nje, ukingo mdogo unaokwaruza. Huo ni chuma kilichosukumwa kikavuka. Bila kuupata, hujanoa, umeosha kisu. Ukiupata kote, geuza upande, rudia, kisha maliza kwa mipigo myepesi ya kupokezana hadi ukwaruzaji uishe. Jaribu kwenye ganda la nyanya, bila kubonyeza.

Kwa mpikaji wa kila siku, mara moja kwa miezi miwili au mitatu inatosha. Ile fimbo ya chuma yenye mistari ya buchani usiipitishe kwenye kisu hiki.

Kukitunza

Kibao kiwe cha mbao au plastiki laini. Mninga unafaa. Kioo na marumaru hapana. Mboga za bustani zetu huja na mchanga mwingi, kwa hiyo osha mchicha kabla ya kuukata, maana punje moja ya mchanga chini ya makali inafanya kazi ya msasa kinyume. Usikwangue kibao kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Osha kwa mkono, futa hapohapo, usikitupe kwenye beseni la vyombo ambako kitamkata mtu na kujigonga kwenye sufuria. Ala unaweza kuitengeneza kwa boksi gumu na gundi ya karatasi.

Lile pengo la jogoo lilitoka. Nililisugua kwa jiwe la 400 jioni tatu mfululizo, nikishusha makali yote hadi usawa wake, kisha nikarudi kwenye la 1000. Kisu kimepungua upana kidogo sana. Sasa kinakaa juu ya kabati ndani ya ala yake, na panga dogo la mifupa limening'inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo kila mgeni anayeingia na kuku analiona kwanza.